Songwe: Kabla brashi haijagusa ukuta

Anayeingia Tunduma kwa barabara ya kutoka Mbeya hupokewa na malori kabla ya kuuona mji wenyewe. Mengine yamebeba shaba ya Zambia na Kongo kwenda bandari ya Dar es Salaam, mengine yanarudi na mafuta na bidhaa za madukani. Ng'ambo ya mpaka ni Nakonde, na watu wa pande zote mbili huvuka kutwa nzima kununua na kuuza. Nyumba nyingi zimejengwa karibu na barabara hiyo, kwa matofali ya kuchoma na mabati. Kiangazi kikikolea, vumbi huingia hadi chumba cha kulala.

Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, una msimu mmoja mrefu wa mvua, kwa kawaida Novemba hadi Aprili. Vumbi na mvua ndivyo vinavyoamua kama rangi ya ndani itadumu. Hata hivyo, familia nyingi huita fundi rangi Desemba, wiki chache kabla ya wageni wa Krismasi. Wakati huo ukuta umeshaanza kunywa maji. Rangi inapendeza sikukuu ikipita, lakini ikifika Pasaka imeota malengelenge na kubanduka vipande vipande. Fundi hulaumiwa, na fedha huwa imekwenda.

Miezi mizuri zaidi ni ya kati ya kiangazi. Mei ukuta bado una unyevu wa masika, na Juni na Julai baridi ya nyanda za juu huchelewesha rangi kukauka. Kuanzia mwisho wa Julai hadi Septemba ukuta huwa mkavu. Ila hapo ndipo nyumba za Mbozi, Momba na Ileje zinapojaa mavuno.

Magunia kwanza

Kwa hiyo maandalizi huanza na mahindi. Chakula hakikai chumba kinachopakwa rangi, hata kikifunikwa turubai, kwa sababu harufu ya rangi na tina hupenya gunia. Familia yenye vyumba vitatu inaweza kupaka kimoja kimoja, ikihamisha magunia na vitanda. Kazi huchukua siku nyingi zaidi, lakini watoto wanabaki na mahali pa kulala pasipo na harufu.

Kilichobaki chumbani kivutwe katikati na kufunikwa. Mapazia, picha na misumari viondolewe. Umeme uzimwe kabla ya kufungua vifuniko vya swichi na soketi, na visiachwe wazi mtoto akiwa karibu.

Ukuta unavyokaguliwa

Kipande cha nailoni kikibandikwa ukutani kwa gundi pande zote nne na kuachwa usiku kucha, asubuhi huonyesha mengi. Kikiwa na matone upande wa ndani, unyevu unatoka kwenye ukuta wenyewe na rangi isubiri. Chanzo kitafutwe: bati linalovuja, bomba, au maji ya mvua yanayotuama kwenye msingi. Plasta mpya ya saruji nayo huachwa walau wiki nne ikauke.

Hatua ya pili ni kugonga kwa vidole. Plasta iliyoachia matofali hulia kama debe tupu, nayo hubomolewa na kupigwa upya. Ya tatu ni kupitisha kiganja. Kikitoka cheupe, chini kuna chokaa ya zamani isiyoshika, na lazima ikwanguliwe.

Jikoni, na hata sebuleni kwa wanaoota moto wa mkaa wakati wa baridi, ukuta huwa na masizi. Rangi ya maji ikipakwa juu yake, weusi hujitokeza tena. Masizi huoshwa kwa sabuni na maji. Ukungu huoshwa kwa jiki iliyozimuliwa, madirisha yakiwa wazi, na jiki isichanganywe na dawa nyingine ya kusafishia. Unga mweupe kama chumvi unaojitokeza chini ya ukuta husuguliwa kwa brashi kavu, kwa sababu maji huurudisha ndani.

Rangi ya zamani na watoto

Nyumba nyingi zina rangi ya mafuta nusu ya chini ya ukuta, mahali mikono ya watoto inapofika, na pia kwenye milango na madirisha ya chuma. Hapa ndipo pa kuwa makini kuliko pote. Rangi nyingi za mafuta za miaka ya nyuma, hasa za njano na nyekundu, zilitiwa madini ya risasi. Fundi anapozipiga msasa zikiwa kavu, vumbi lake hukaa sakafuni, anapotambaa mtoto na kutia vidole mdomoni.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Huathiri ubongo unaokua, na mtoto anaweza kudhurika bila dalili ya wazi. Mama mjamzito naye yumo hatarini.

Kinga haina gharama kubwa. Watoto na wajawazito wasiwe ndani siku ya kukwangua. Ukuta uloweshwe kwanza, msasa upitishwe ukiwa na maji, na fundi avae barakoa. Rangi ya zamani isichomwe kwa moto. Sakafu ifutwe kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagiwa, na maganda yafungwe kwenye mfuko, yasimwagwe wanapokula kuku.

Wakati wa kununua, mpakani kuna makopo ya kila namna. Kopo lisilo na lebo si la nyumba yenye mtoto. Tafuta alama ya TBS, na uulize muuzaji kuhusu risasi. Kikomo kinachopendekezwa kimataifa ni sehemu 90 kwa milioni.

Hesabu na siku yenyewe

Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye kuta za mita 2.7 kina ukuta wa mita za mraba takribani 38. Ukitoa mlango na dirisha, hubaki kama 34. Lita moja ya rangi ya maji hufunika takribani mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, hivyo mikono miwili huhitaji lita 7 hivi. Plasta mpya hunywa zaidi, ndiyo maana hutanguliwa na andakoti.

Kazi ianze asubuhi, kabla upepo wa mchana haujainua vumbi la barabarani. Madirisha ya upande wa barabara yanaweza kufungwa, lakini ya upande mwingine yabaki wazi ili hewa ipite.

Baridi inapouma, wapo wanaoingiza jiko la mkaa ili ukuta ukauke upesi. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu inayoua watu usingizini, na mvuke wa tina hushika moto haraka. Jiko libaki nje.

Tina na mafuta ya taa visiwekwe kwenye chupa za soda au maji. Mtoto akinywa, asilazimishwe kutapika wala kupewa maziwa. Apelekwe kituo cha afya mara moja, pamoja na chupa aliyoinywea. Chumba kilichopakwa kilale wazi siku mbili au tatu, harufu iishe kabisa, ndipo vitanda vya watoto virudishwe. Magunia ya mahindi yafuate baadaye, yakiegemezwa mbali kidogo na ukuta.