Gari la Baba Lilivyonitia Adabu

Mpenzi msomaji, je, nyumbani kwenu kuna kitu kikuukuu ambacho mzee wako amekataa katakata kitupwe? Huenda ni redio ya mbao, cherehani ya kukanyaga au baiskeli iliyoota kutu. Kama kipo, basi keti tuzungumze, kwani kisa hiki kinakuhusu.

Kwetu Webuye kitu hicho ni gari. Ni pikapu aina ya Peugeot 504 ambayo Baba aliinunua mwaka wa 1991, ikiwa tayari imetumiwa na mtu mwingine. Sisi watoto wanne tulisomeshwa na gari hilo. Lilibeba mahindi kutoka Misikhu, nyanya kutoka soko la Chwele, maharusi, wagonjwa, na hata majeneza. Enzi kiwanda cha karatasi kilipokuwa kikivuma mjini kwetu, Baba hakupumzika. Kiwanda kilipofungwa mwaka wa 2009 wateja walipungua na mji ukapoa, lakini gari halikukosa kabisa la kubeba.

Wewe kijana pengine hulifahamu gari hili. Peugeot 504 lilizinduliwa mwaka wa 1968, na mwaka uliofuata likatawazwa kuwa Gari Bora la Mwaka barani Ulaya. Lilishinda Safari Rally mwaka wa 1975 likiendeshwa na Ove Andersson, na tena mwaka wa 1978 likiendeshwa na Jean-Pierre Nicolas. Hapa Kenya liliendelea kuunganishwa hadi mwaka wa 2004. Watu walilipenda kwa sababu lilistahimili mashimo, na pia kwa kuwa injini yake haikumtatiza fundi wa kijijini. Ndani ya injini hiyo kila pistoni hutembea katika laina, yaani bomba la chuma linalochomolewa. Laina ikilika, hubadilishwa yenyewe bila kuichonga injini nzima.

Lakini kiwanda kikiacha kuunda gari, spea zake huanza kufa moja moja. Plagi utapata. Mikanda utapata. Hizo hutumiwa na magari mengine pia. Taabu huanza pale kinapoharibika kifaa ambacho ni cha gari hilo peke yake.

Kwetu taabu ilianza mwaka wa 2021, masta silinda ya breki ilipoanza kuvuja. Huo ni mtungi mdogo ambao, dereva akikanyaga breki, husukuma mafuta ya breki hadi kwenye magurudumu. Ndani yake mna vikombe vidogo vya mpira vinavyozuia mafuta yasirudi nyuma. Vikombe hivyo vikishindwa, mguu wako unakanyaga hewa tupu.

Mimi mwenyewe ndiye niliyekwenda dukani. Nilionyeshwa pakiti inayong'aa, bei nafuu, na muuzaji akaniapia kwamba mipira ile ilikuwa ya Peugeot hasa. Sikubeba ile ya zamani ili nilinganishe. Nililipa, nikarudi nyumbani nikijiona mjanja. Vyote ving'aavyo si dhahabu, lakini nani alikumbuka methali siku hiyo?

Haikupita majuma mawili. Baba alikuwa akiteremka kuelekea daraja la mto Nzoia, Mama akiwa kando yake na magunia matatu nyuma. Alikanyaga breki, pedali ikazama hadi chini. Mzee hakupiga kelele. Alirudisha gea moja baada ya nyingine, akavuta breki ya mkono, kisha akaliegemeza gari kwenye tuta la shamba la miwa hadi likasimama. Hakuna aliyeumia. Lakini Mama alitembea kwa miguu hadi nyumbani, na jioni hiyo hakula.

Fundi alipofungua masta silinda, mipira ile ilikuwa imevimba kama mandazi. Jambo hili ni vyema ulijue hata kama gari lenu ni jipya. Mafuta ya breki si sawa na mafuta ya injini. Mpira usiotengenezwa kwa ajili yake huharibika upesi. Hata mpira mzuri huvimba na kuharibika ukitiwa mafuta ya injini au dizeli, hata yakiwa kidogo tu. Tena mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, ndiyo maana hayafai kuachwa wazi au kukaa ndani ya gari miaka na mikaka bila kubadilishwa.

Basi gari likawekwa juu ya mawe. Kuku wakahamia chini yake. Sisi watoto tukakutana bila Baba, na kwa kuwa mimi ndimi kifungua mimba, niliachiwa kazi ya kulitafutia mnunuzi. Nilizungumza na mfanyabiashara wa vyuma vikuukuu. Tulikubaliana bei ya kilo, na kwamba angekuja na lori Jumamosi, tarehe 22 Januari, 2022, Baba akiwa amekwenda matangani. Naam, mpenzi msomaji, mimi mwalimu ninayewafundisha watoto wa watu uaminifu, nilipanga kumwibia baba yangu mzazi mchana kweupe.

Mungu si Athumani. Mnamo Januari 11 mwaka huo nguzo za umeme zilianguka na nchi nzima ikakosa umeme. Uharibifu wa nguzo na nyaya ukalaumiwa kwa biashara ya vyuma. Tarehe 20, siku ya Alhamisi, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kusitishwa kwa biashara hiyo. Jioni simu yangu ikalia. "Mwalimu, Jumamosi siji," yule mfanyabiashara akasema. "Serikali imetufungia."

Nilidhani siri imebaki kati yetu. Jumapili, baada ya chai, Baba aliniita nje. Aliweka mkono juu ya boneti. "Nasikia mlikuwa mmeniuzia gari kwa kilo," alisema. Nilitafuta la kusema nikakosa. "Mwanangu, hata mimi spea zangu haziundwi tena. Siku mguu wangu ukikataa, utampigia nani simu?"

Wahenga walinena, majuto ni mjukuu. Wangu alikuja siku hiyo hiyo, akaketi mapajani. Nilimwahidi Baba kwamba gari lingetembea tena.

Nilianza na Bungoma. Muuzaji wa kwanza alicheka. Wa pili aliniuliza kama nina jumba la makumbusho. Nairobi nilizunguka Kirinyaga Road, mahali ambapo wazee bado hupaita Grogan, nikarudi mikono mitupu. Aliyenifungua macho ni fundi mmoja mzee wa jua kali mjini Kitale. "Mwalimu, unauliza jina la gari," aliniambia. "Uliza kipimo. Chuma hakijui kwao ni Ufaransa." Alinieleza kwamba mipira ya breki huenda kwa upana wa mtungi, na kwamba mtungi ulioliwa na kutu waweza kuchongwa kwenye leth na kuvishwa bomba jipya ndani. Wetu, hata hivyo, ulikuwa na ufa. Ilibidi nipate mwingine, hata uwe mbovu, mradi usiwe umepasuka.

Niliupata Kiminini. Chini ya mparachichi lilisimama 504 lisilo na magurudumu, na kuku akiatamia kwenye kiti cha dereva. Mwenye boma alikuwa mama mjane. Nilitoa pesa, akazisukuma kando. "Hili lilikuwa la mzee wangu," alisema. "Wengi wamekuja kulinunua ili walikatekate. Wewe wataka nini?" Nikamweleza yote, hata lile lori la Jumamosi sikulificha. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Chukua hicho unachotaka. Lakini gari la baba yako likipona, lipitishe hapa. Nataka kusikia ule mlio."

Mtungi ule ulichongwa Kitale na kuvishwa bomba. Mipira niliipata Nairobi safari ya pili, baada ya kuipima dukani mmoja mmoja mbele ya muuzaji, naye akininunia. Fundi hakuturuhusu kushika barabara mara moja. Kwa siku nne alitufanyisha majaribio uwanjani, gari likiwa tupu, kila jioni akikagua kama kuna tone lililovuja. Siku ya tano alitikisa kichwa kwa kuridhika, akaomba soda.

Tulikwenda Kiminini tukiwa watu wanne: Baba kwenye usukani, Mama kando yake, mimi na mwanangu nyuma. "Kuka, piga honi!" kijana alipaza sauti tulipofika langoni. Yule mama alitoka akijifuta mikono. Hakusema neno. Alizunguka gari mara moja, akasimama karibu na bomba la moshi, akafumba macho. Tulipoondoka alitupa jogoo na maparachichi kapu zima.

Mpenzi msomaji, sikuambii kila kikuukuu kihifadhiwe. Gari lisilo salama ni jeneza, na kama mtungi ule ungevuja hata tone, mimi ningekuwa wa kwanza kulirudisha juu ya mawe. Ila ukitafuta spea iliyoadimika, beba ile ya zamani mkononi, hata iwe imevunjika vipi. Uliza kipimo kabla ya jina. Waendee mafundi wazee wangali hai, kwa maana ujuzi wao haupatikani dukani. Na kwa kifaa kinachobeba roho za watu, kama breki na usukani, usikimbilie bei nafuu.

La mwisho, kabla hamjauza kitu cha mzee wenu kwa sababu hakitumiki, muulizeni kwanza. Usiache mbachao kwa msala upitao. Biashara ya vyuma ilifunguliwa tena mwezi Mei mwaka huo huo, na yule mfanyabiashara akanipigia simu. Nilimwambia gari halipo nyumbani. Wala sikusema uongo: Baba alikuwa amelipeleka Misikhu kubeba mahindi.