Tanzia: Umwene wa Ufipa

Habari ziwafikie ndugu wa Sumbawanga, Namanyere, Kasanga, Kirando na popote Wafipa walikotawanyika: Umwene wa Ufipa, uliotawala nyanda za juu kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, ulifariki kwa sheria mwaka 1963. Tangazo limechelewa. Marehemu alikuwa mgonjwa kwa muda mrefu, na wengi walidhani ameshazikwa.

Alizaliwa kwa ugomvi wa kiti. Simulizi za Ufipa zinaanzia Milansi, kijiji kilicho chini ya mlima Itwelele, kwa mtu wa kwanza aitwaye Ntatakwa. Mtawala wa Milansi alikwenda kuwinda, akamwachia mkewe onyo moja: wakija wageni, wasikalie kigoda changu. Wakaja wanawake watatu wa ukoo wa Watwachi, wakaomba mahali pa kukaa, na mama wa nyumba akawapa kigoda. Mwenye mji aliporudi alikuta nchi ina wenyewe wengine.

Kwingineko hadithi ya namna hii huishia kwenye damu. Wafipa waliimaliza kwa mapatano. Watwachi wakatawala watu. Mtawala wa Milansi, anayeitwa Milansi kama kijiji chake, akabaki na kijiji hicho, heshima ya mzaliwa wa kwanza, na kazi ya kumsimika Mwene, yaani mtawala wa Kitwachi. Amri ilikaa nyumba moja, uhalali wa amri ukakaa nyumba ya pili. Mwene angeweza kuwa na watu na ng'ombe wengi kuliko Milansi mara mia, lakini hakujisimika mwenyewe.

Si kwamba marehemu aliishi bila aibu. Watwachi waligawanyika wao kwa wao, zikawa falme mbili, Nkansi na Lyangalile, na kwa miaka mingi ndugu hao walipigana. Katikati ya karne ya 19 wakaingia Wangoni wa Zwangendaba kutoka kusini, na kiongozi wao huyo akafia hukohuko Ufipa. Wangoni walipotawanyika na ndugu wakachoka kupigana, nchi ikatulia. Joseph Thomson, msafiri wa Kiskoti aliyepita mwaka 1880 wakati Kapufi anatawala Nkansi, alikuta wakulima wapenda amani kuliko wapiganaji aliowatarajia.

Na walikuwa na kazi ya kufanya. Walilima ulezi kwa ntumba, yaani majani yanafukiwa ndani ya matuta ya duara hadi yaoze na kuwa mbolea, mtindo ambao maofisa wa kilimo wa baadaye wangeufundisha kana kwamba wameubuni wao. Waliyeyusha chuma katika matanuru marefu ya udongo, marefu kuliko mtu, yanayovuta hewa yenyewe bila mivukuto. Masalia yake bado yanasimama porini. Vijijini watu walichagua wakuu wao, na wanawake walikuwa na hakimu wao, mwanamke mwenzao waliyemchagua wenyewe, aliyeweza kumtoza faini mwanamume aliyewakosea. Sijui mabaraza mangapi ya leo yanaweza kujisifia hilo.

Ugonjwa ulianza taratibu. Wamisionari wa Afrika, wale mapadre wa kanzu nyeupe, walishika kituo cha Karema mwaka 1885, kisha wakapanda milimani, na katika vizazi viwili Ufipa ikawa nchi ya Kikatoliki. Wajerumani walijenga ngome Kasanga, wakaiita Bismarckburg. Hao walichukua nguvu za Mwene, lakini waliompa sumu hasa ni waliomheshimu. Mwaka 1926 serikali ya Kiingereza chini ya Gavana Donald Cameron ilipitisha sheria ya mamlaka za wenyeji. Mwene akawa mtumishi mwenye mshahara, mkusanya kodi, hakimu wa baraza lenye mihuri. Kuanzia hapo aliyemfanya awe Mwene halali alikuwa Bwana Shauri, ofisa wa kikoloni kule bomani. Milansi hakufukuzwa. Alikosa tu kazi.

Kwa hiyo nawakatalia wanaosema Nyerere ndiye aliyeua, ijapokuwa kuna mzaha mchungu hapo, kwamba serikali iliyofuta uchifu iliongozwa na mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Ilichofuta kwa Ufipa kilikuwa ngazi ya mishahara. Mwanaanthropolojia Mwingereza, Roy Willis, alikuwa akifanya utafiti Ufipa kati ya 1962 na 1964, yaani alikuwepo msibani. Kitabu chake cha 1981 kuhusu dola ya Ufipa kinazungumzia zaidi mapatano ya kale kuliko kifo chenyewe, na nadhani alichagua sawasawa.

Wapo wanaosema falme zote zilikuwa na siku zake. Basi waitazame Denmark. Huko wafalme walijitwalia mamlaka yote baada ya 1660, na walipoona upepo umegeuka, Frederik VII akakubali katiba mwaka 1849: amri ikaenda kwa bunge na mawaziri, heshima ikabaki kwenye kiti. Ndiyo maana Januari 2024 Malkia Margrethe II aliweza kumwachia mwanawe kiti baada ya miaka 52 huku umati ukishangilia Copenhagen. Wadenmark waliponyesha ufalme wao kwa kutenganisha vitu viwili ambavyo Ufipa ilivitenganisha tangu siku ya kigoda. Sisi tuliokuwa na dawa hiyo nyumbani, tukaletewa mkoloni akavikoroga tena katika bahasha moja ya mshahara.

Siku hizi uchifu unarudi kwa njia ya sherehe. Mwaka 2021 machifu walimsimika Rais Samia kuwa Chifu Hangaya kule Mwanza, ngoma zikapigwa, na tangu hapo ngozi na fimbo zimerudi kwenye majukwaa. Sina neno na ngoma. Lakini chifu anayemsimika aliye na dola ni Milansi aliyesahau masharti yake: zamani mwenye kusimika alibaki na kitu ambacho mtawala hakukipata, na mtawala alijua hivyo.

Marehemu ameacha jina la Nkansi, lililopewa Wilaya ya Nkasi, ambayo mkuu wake huteuliwa na Rais. Lyangalile haikupata hata wilaya.