Shamba la karoti lililogeuka makao ya korongo

Iwapo siku moja, msomaji, safari itakufikisha mashariki mwa Uingereza, panda treni ya kutoka Ely kwenda Norwich na uketi dirishani. Utapita mashamba tambarare kama meza, yenye udongo mweusi tititi. Ukikaribia Lakenheath, mashamba yanakoma na matete yanaanza. Hiyo ndiyo hifadhi ya Lakenheath Fen.

Usidhani kinamasi hicho kimekuwapo siku zote. Hadi katikati ya miaka ya 1990, hapo palilimwa karoti.

Nchi hiyo yote ilikuwa vinamasi zamani. Katika karne ya 17, matajiri walimleta mhandisi Mholanzi, Cornelius Vermuyden, achimbe mitaro ya kuikausha. Walipata mashamba yenye rutuba ajabu, lakini kwa gharama. Udongo ule ni mimea iliyorundikana majini kwa maelfu ya miaka. Ukikauka hunywea na kupeperushwa na upepo. Huko Holme, upande wa magharibi, nguzo ya chuma ilikitwa ardhini miaka ya 1850, kichwa chake kikiwa sawa na ardhi. Leo imechomoza mita 4 hivi. Nguzo haikupanda, msomaji. Ardhi ndiyo iliyoshuka.

Ndege nao walikosa makao. Kuna mmoja ambaye dume lake hulia kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa tupu. Mwaka 1997, madume 11 tu ndiyo yaliyosikika Uingereza nzima.

Shirika la kulinda ndege, RSPB, lilinunua mashamba yale ya karoti. Wafanyakazi walichimba mabwawa, wakarudisha maji na kupanda matete kwa mikono. Kisha wakangoja. Mwaka 2007, korongo wakubwa wa kijivu walikuja wenyewe na kujenga viota. Walikuwa wametoweka eneo hilo kwa miaka ipatayo 400.

Ukienda, nenda alfajiri ya Aprili au Mei, utembee kando ya mto Little Ouse. Ndege za kivita kutoka kambi jirani zitakuziba masikio. Zikishapita, tulia usikilize: ile sauti ya chupa itatoka kwenye matete.

Sisi korongo taji wetu bado tunaye, naye hutaga vinamasini. Kila mwaka tunachimba mitaro tupate mahali pa kupanda mahindi na sukumawiki. Simlaumu mkulima, watoto wanataka chakula na karo. Lakini Waingereza walikula karoti zao, kisha wakalipa pesa ili kurudisha matope. Ndege walirudi. Udongo uliopeperuka haukurudi.

Jumapili ijayo, wapeleke watoto kwenye kinamasi kilicho karibu nawe. Wakione kingali chetu, kabla hatujalazimika kukinunua upya.