Ghuba ya Gabès: Bahari Inayopwa

Katika sehemu kubwa ya Bahari ya Mediterania maji hupanda na kushuka kwa kiasi kidogo mno, hata mtu wa pwani yetu angedhani kuwa bahari ile haijui kupwa wala kujaa. Ghuba ya Gabès, kusini-mashariki mwa Tunisia, baina ya visiwa vya Kerkennah na Djerba, ni kinyume chake. Nyakati za bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa huko hukaribia mita 2.

Sababu yake imo katika sakafu ya bahari. Ghuba hii imelala juu ya ukingo mpana wa bara la Afrika, wenye mteremko mdogo. Mtu husafiri makumi ya kilomita kutoka ufukweni na kina kisifike mita 50. Maji ya bahari kuu yaingiapo katika eneo hilo pana na la kina kifupi, mwendo wake hukuzwa. Yapata miaka 20,000 iliyopita, barafu ilipozuia maji mengi nchi kavu na bahari ikawa chini kwa takriban mita 120, sehemu kubwa ya ghuba hii ilikuwa bara. Kerkennah, ambayo hata kilele chake hakifiki mita 15, ni kipande cha nyanda hizo kilichosalia juu ya maji.

Wavuvi wa Kerkennah wameifanya kanuni hiyo kuwa riziki. Huchomeka makuti ya mitende baharini mfano wa wando tuujuao sisi. Maji yakipwa, samaki huongozwa mpaka mtegoni. Majira ya joto mitego hupumzishwa ili samaki wazaane. Mwaka 2020 UNESCO iliutambua uvuvi huo, uitwao charfia, kuwa urithi wa wanadamu.

Lakini tangu miaka ya 1970, viwanda vya fosfeti mjini Gabès vimekuwa vikimwaga taka zake baharini. Majani ya chini ya maji, ambayo ni malisho na malezi ya samaki, yametoweka katika maeneo mengi. Kina kifupi kilichowalisha watu ndicho kinachofanya taka zitulie karibu nao.

Ndugu wasomaji, charfia yatufunza kwamba anayechukua kwa kiasi huacha akiba. Bahari ni amana, nasi tunaoishi kando ya maji yanayopwa na kujaa tuna wajibu wa kuuliza mapema: ni nini kinachomwagwa katika ghuba zetu, na kwa idhini ya nani?