Tuliisubiri Sinema Ambayo Mwisho Wake Tuliujua

Je, mpenzi msomaji, umewahi kuisubiri kwa hamu hadithi ambayo mwisho wake unaujua? Sisi tumewahi. Mwaka 2011 tuliisubiri kwa miezi mingi sinema iitwayo Tinker Tailor Soldier Spy, iliyotengenezwa kutokana na riwaya ya kijasusi ya Mwingereza John le Carré. Riwaya hiyo ilitoka mwaka 1974. Tulikuwa tumekwisha kuisoma, na msaliti tulimjua kwa jina lake. Hata hivyo tulihesabu miezi kama watu wanaongoja mgeni kutoka mbali.

Tunaposema "sisi" tuna maana ya wauguzi wanne, wake za watu na mama wa watoto, tuliokuwa tukipokezana zamu katika wodi moja. Kitabu kilikuwa kimoja, nacho kilipita mkono kwa mkono mpaka jalada likalegea. Aliyekimaliza alikatazwa kusema neno mpaka wa mwisho naye amalize.

Mwandishi huyo tulimfahamu kwa njia ya kazi yetu. Mwaka 2005 ilitoka sinema ya riwaya yake nyingine, The Constant Gardener, iliyopigwa kwa sehemu kubwa nchini Kenya. Inasimulia habari za kampuni ya madawa inayojaribu dawa yake kwa wagonjwa maskini, na mwanamke anayeuawa kwa sababu alitaka kusema ukweli. Rachel Weisz, aliyeigiza kama mwanamke huyo, alipata tuzo ya Oscar mwaka 2006. Kwa sisi ambao kila siku tunagawa vidonge kwa watu wanaotuamini bila kuuliza, sinema ile ilitunyima usingizi. Tukaanza kutafuta vitabu vingine vya mtu yule.

JASUSI ASIYERUKA UKUTA

Wengi wetu tulikua tukisoma visa vya Willy Gamba wa Elvis Musiba. Tulizoea jasusi kijana, hodari wa bastola na mwepesi wa kukimbia. George Smiley wa le Carré siye huyo. Ni mzee mfupi, mnene, mwenye miwani mizito, na hufuta vioo vyake kwa ncha ya tai. Kazi yake kubwa ni kusoma mafaili, kuuliza swali moja na kunyamaza ajibiwe. Muuguzi yeyote anayejua kuchukua historia ya mgonjwa atamwelewa upesi.

Hadithi yenyewe inatokea wakati wa Vita Baridi. Smiley ameondolewa kazini pamoja na mkuu wake. Kisha anaitwa kwa siri, kwa kuwa imegundulika kwamba miongoni mwa wakubwa wa idara ya ujasusi ya Uingereza yumo mmoja anayewatumikia Warusi. Waingereza humwita mtu wa namna hiyo "fuko", kwa mfano wa yule mnyama anayechimba chini kwa chini, ukashtukia shamba limekwisha. Smiley anatakiwa amtafute katika watu aliofanya nao kazi miaka mingi, waliokula na kunywa pamoja naye.

Jina la kitabu limetoka katika wimbo wa watoto wa Kiingereza wa kuhesabia, unaotaja kazi za watu: fundi wa masufuria, mshonaji, askari na wengineo. Zamani wasichana walihesabu kwa wimbo huo kokwa za matunda au vifungo vya nguo ili wabahatishe watakuja kuolewa na mtu wa aina gani. Katika riwaya, mkuu wa Smiley aliyachukua majina hayo akawapa watu aliowashuku, kila mmoja na lake. Kumbe mchezo wa binti anayetaka kumjua mume wake wa kesho umegeuka kuwa mchezo wa kumtafuta msaliti! Tulipolitambua hilo tulicheka, kisha tukanyamaza.

MLANGO ALIOPITIA ADUI

Hapa hatuna budi kulisema fumbo lenyewe, kwa maana bila hilo hutaelewa kwa nini tulingoja. Msaliti ni Bill Haydon, rafiki wa Smiley. Wasomaji wengi wamemfananisha na Kim Philby, ofisa wa ujasusi wa Uingereza aliyekuwa akiwatumikia Warusi kwa siri na kukimbilia kwao mwaka 1963. Le Carré mwenyewe, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa David Cornwell, aliwahi kufanya kazi katika idara za siri za nchi yake, kwa hiyo mambo hayo aliyajua kwa ndani.

Haydon hakuiibia serikali peke yake. Alikuwa pia na uhusiano na Ann, mke wa Smiley. Tena haikuwa tamaa tu. Karla, bwana wa majasusi kule Moscow, ndiye aliyempa shauri hilo. Miaka mingi nyuma, Smiley alimhoji Karla gerezani mjini Delhi, na katika kumbembeleza akaonyesha jinsi anavyompenda mkewe. Karla aliondoka na kiberiti cha Smiley cha kuwashia sigara, zawadi ya Ann, chenye maneno ya mapenzi yaliyochongwa juu yake. Aliondoka pia na siri ya udhaifu wake. Akafikiri hivi: Haydon akijulikana kuwa mpenzi wa Ann, basi siku Smiley atakapomshuku, yeye mwenyewe atadhani ni wivu unaosema. Hatayaamini macho yake.

Akina mama wenzetu, hebu tuitazame hila hiyo. Adui hakuvunja kabati la ofisi. Alipita katika mlango wa nyumba, mahali ambapo mume na mke walikuwa wameacha kuambizana mambo. Smiley alizoea kutunza siri za kazi hata akawa hana la kuzungumza mezani. Sisi wauguzi tunaishi na siri pia. Habari za mgonjwa haziendi sokoni wala haziendi kwa jirani, na ndivyo ipasavyo. Lakini kuna siri inayomlinda mtu, na kuna kimya kinachomwacha mwenzako akae peke yake ndani ya nyumba. Kutoka moja kwenda nyingine ni hatua fupi, na mara nyingi mtu haoni alipoivuka.

SABABU YA KUNGOJA

Habari za sinema hiyo zilipotufikia tulikuwa na wasiwasi wetu. Mwaka 1979 shirika la BBC lilikuwa limeonyesha hadithi hiyohiyo katika televisheni kwa sehemu saba, na Alec Guinness ndiye aliyekuwa Smiley. Ndugu wa mmoja wetu alituletea kanda zake, na kwetu hapakuwa na Smiley mwingine. Sasa hadithi ya sehemu saba itabanwaje katika saa mbili? Tena tulisikia kwamba mwongozaji ni Msweden, Tomas Alfredson, na Smiley ataigizwa na Gary Oldman, mtu tuliyemzoea katika nafasi za wahalifu wenye makelele. Je, ataweza kunyamaza?

Lakini palikuwa na sababu nyingine, na mwenzetu ameturuhusu kuisema bila jina. Katika miezi ileile alikuwa amegundua kwamba mumewe ana mwanamke mwingine. Mwanamke huyo alikuwa rafiki wa nyumba, aliyeshika watoto wake na kula ugali mezani pake. Alituambia katika chumba cha kubadilishia nguo, kwa sauti ya kawaida, huku akifunga vifungo vya sare yake. Hatukujua la kumwambia. Wiki mbili baadaye aliuliza, "Ile sinema ya yule mzee inatoka lini?"

Tangu siku hiyo kungoja kwetu kulibadilika. Katika kazi yetu tumeona jamaa wa mgonjwa wakija kuuliza majibu ambayo wameshayajua moyoni. Hawaulizi ili waambiwe. Wanataka kuona mtu anavyosimama akiwa amebeba habari kama ile. Nadhiri yetu ikawa kwamba sinema hiyo hakuna atakayeiona peke yake.

MKE NA MUME WALIOANDIKA PAMOJA

Katika kufuatilia habari zake tuligundua jambo ambalo hatukulitazamia. Muswada wa sinema hiyo uliandikwa na mke na mume, Bridget O'Connor na Peter Straughan. Bridget alikuwa mwandishi wa hadithi fupi na tamthilia. Alifariki kwa saratani mwezi Septemba 2010, akiwa na umri wa miaka 49. Sinema ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Venice mwezi Septemba 2011. Sisi tulikuwa tukiingojea, naye aliyeiandika hakuiona. Imetolewa kwa kumbukumbu yake.

Mwezi Februari 2012 wawili hao walipewa tuzo ya BAFTA kwa kazi hiyo. Mume alipoipokea alisema kwamba sehemu zote nzuri ziliandikwa na mkewe, na kwamba yeye kazi yake ilikuwa kutengeneza kahawa. Sisi ambao tumewauguza wagonjwa wa saratani tunajua jinsi siku zao zinavyokwenda: dawa, uchovu, kichefuchefu, kisha labda saa moja ya nafuu. Saa za namna hiyo ni adimu, na mtu hampi mwenzake asiyemwamini. Hadithi ya nyumba iliyovunjika kwa ukimya iliandikwa na watu wawili waliokuwa wakizungumza.

SIKU TULIYOIONA

Tuliiona mwaka 2012, kwa diski, sebuleni kwa mmoja wetu, watoto wakiwa wamekwisha kulala. Ilifaa walale. Kule Uingereza sinema hiyo imewekewa umri wa miaka 15 na zaidi, kwa kuwa ina mauaji na mambo mengine yasiyofaa macho ya mtoto. Pia haina haraka. Anayetaka milipuko na mbio za magari atasinzia.

Wasiwasi wetu juu ya Gary Oldman uliisha mapema. Anakaa muda mrefu mwanzoni bila kutamka neno, na huwezi kuondoa macho kwake. Kwa kazi hiyo aliteuliwa kugombea Oscar kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Habari za Delhi hazionyeshwi. Smiley anazisimulia usiku akiwa amekaa, akisema na kiti kitupu kana kwamba Karla yumo. Le Carré mwenyewe anaonekana kidogo, mzee mmoja kati ya wageni katika sherehe ya Krismasi ya ofisini. Ni katika sherehe hiyohiyo Smiley anatazama dirishani na kumwona mkewe na Haydon. Uso wa Ann hatuoneshwi sawasawa, tangu mwanzo hata mwisho.

Sinema ilipokwisha hakuna aliyeinuka. Kisha mwenzetu akasema, "Dada zangu, mnaona? Hakumpiga mtu. Hakupiga kelele. Alisubiri mpaka akawa na hakika, akasema mbele ya wanaohusika." Akanywa chai yake iliyokwisha kupoa. "Na mimi kinachoniuma si mume tu. Ni yule rafiki. Mume nitamwuliza. Rafiki nitamwuliza nini?"

Tulizungumza mpaka usiku wa manane. Mmoja wetu alitukumbusha kwamba mama yake le Carré aliondoka nyumbani mwanaye akiwa na miaka mitano, na kwamba baba yake alikuwa tapeli aliyewahi kufungwa. Mtoto yule alikua akichungulia nyuso za watu wazima ili ajue ni yupi anayesema kweli. Aliishi miaka 89, akafariki Desemba 2020, na karibu kila alichoandika kina mtu anayeuliza swali hilohilo. Tulipolisikia hilo, kila mmoja aliwawaza watoto wake waliolala, na mambo ambayo huenda wanayaona huku sisi tukidhani hawayaoni.

Mwenzetu alizungumza na mumewe wiki ile. Waliyosemezana ni yao. Tunachoweza kusema ni kwamba alizungumza kwa utulivu, watoto wakiwa kwa bibi yao, na kwamba kabla ya hapo alitupigia simu kila mmoja ili tujue yuko wapi. Wangali pamoja, na haikuwa rahisi. Rafiki yule hakuja tena.

Mpenzi msomaji, ukipata nafasi ya kuiona sinema hii, itazame pamoja na mumeo ikiwa ni mtu wa subira. Mwishoni Smiley anarudi nyumbani na kumkuta Ann amerudi. Hatuambiwi watasema nini. Zimeni televisheni hapo, mketi kidogo, na kila mmoja aseme anadhani wangeanzia wapi. Sisi wanne tulijaribu, na kila mmoja alikuwa na jibu lake.