Soko la viazi na soko la dawa

Sisi ni ndugu watatu. Wawili tunaishi Njombe mjini na mmoja Makambako. Riziki yetu tunaipata katika viazi mviringo. Tunavinunua vijijini na kuvipeleka Makambako, pale barabara itokayo Songea inapokutana na ile ya Dar es Salaam na Mbeya. Kwa hiyo anayetusimulia habari za soko huria hatuelezi jambo geni. Bei ikipanda twashukuru, ikishuka twasubiri, wala hatujapata kutamani Serikali itupangie bei ya gunia.

Lakini tangu mama yetu agundulike kuwa na shinikizo la damu, tumekuwa wanunuzi katika soko la namna nyingine. Umri wake umepita miaka 60, na sera ya afya humsamehe gharama za matibabu mzee asiye na uwezo. Kumwona mganga halipi. Hata hivyo, mara nyingi dirishani huambiwa dawa hakuna, akanunue nje. Huko nje, duka moja la Njombe lilitutajia bei; duka jingine Makambako, mwendo wa kilometa 60 hivi, likataja karibu nusu yake, kwa dawa ileile na nguvu ileile.

Hapa ndipo masoko haya mawili yanapoachana. Mnunuzi wa viazi asiporidhika na bei huenda kwa muuzaji wa pili, au siku hiyo hula ugali. Mgonjwa wa presha hawezi kungoja msimu wa bei nafuu. Kidonge hakipimi ubora wake kwa kukitazama, na bei ya haki haijui. Uhuru wa kuchagua, ambao ndio uhai wa soko, yeye hana.

Je, basi Serikali ishike kila kitu? Nchi yetu imelijaribu hilo. Sheria ya mwaka 1977 ilipiga marufuku hospitali binafsi za kibiashara, na mwaka 1991 mlango ukafunguliwa tena. Hata bei ikipangwa kwa nia njema, ina mpaka wake. Machi 2024, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) ulipoanza kutumia kitita kipya cha bei, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha huduma kwa wanachama wake, zikidai kuwa bei hizo hazikidhi gharama. Mfuko nao ulikuwa na hoja yake, kwani fedha za wanachama ni amana. Lakini aliyebaki na kadi mkononi bila huduma alikuwa mgonjwa.

Wapo wanaosema dini yetu imekwisha kulifunga suala hili. Imepokewa kutoka kwa Anas (r.a.) kwamba watu wa Madina walimwomba Mtume (s.a.w.) awapangie bei, naye akakataa, akichelea kumdhulumu mtu mali yake. Ni kweli. Lakini Mtume huyohuyo alikataza kuhodhi bidhaa ili ipande bei, na akakataza kuwawahi njiani waletao bidhaa kabla hawajafika sokoni na kuijua bei. Katika makatazo hayo bei yenyewe haikupangwa. Kilichozuiwa ni kumla mtu kwa sababu hajui au hana pa kwenda.

Wakulima wa Njombe wanaielewa hekima hiyo kupitia lumbesa. Sheria ya vipimo haimwambii mtu auze viazi kwa shilingi ngapi; inamwambia gunia lisizidi kilo 100. Mzani ukiwa wa haki, mkulima na mnunuzi wanaweza kupatana.

Katika dawa pia mfano upo, tena kwa jirani zetu. Mwaka 2003, mkoani Ruvuma, yalianzishwa maduka ya dawa muhimu. Muuzaji alibaki mfanyabiashara mwenye mtaji wake, ila ilimpasa apate mafunzo, asajiliwe, akaguliwe, na auze dawa zilizoruhusiwa tu. Mpango huo ulienea mikoa mingine, na vijiji vingi visivyo na famasi vinategemea maduka hayo.

Kilichobaki ni bei kuonekana. Tunaomba kila duka na kila hospitali ibandike bei zake ukutani, kama magengeni, na kila dawa itolewe risiti. Tunaomba pia rafu za zahanati zijae, kwa maana msamaha usio na dawa haumtibu mzee. Na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa mwaka 2023, ifike hadi kwa mkulima asiye na mshahara.

Nasi wenye familia tuna wajibu. Tuulize jina halisi la dawa, si la kampuni pekee. Tuulize bei katika maduka mawili. Tusingoje kidonge cha mwisho. Mama sasa hununuliwa dawa ya miezi miwili Makambako, ikaja na lori linalorudi kutoka kushusha viazi. Asiye na ndugu Makambako hana lori hilo, na kwa ajili yake ndiyo maana tumeandika.