Kutoka Jericho Hadi Huruma

Mume wangu alipofariki, nililiondoa neno asante katika maombi yangu. Kanisani sikuacha kwenda, ila muda wa ushuhuda ukifika nilikuwa nainama kumfunga mtoto viatu.

Jumapili moja ya Aprili mama mkwe wangu, tunayemwita Shosho kama wanavyomwita wajukuu, aliniambia, "Mwanangu, leo nisindikize Huruma kwa ushirika."

Tulitoka mtaa wa Jericho kwa miguu, tukakatiza Buruburu na soko la Mutindwa, tukapanda matatu barabara ya Outering. Tuliposhuka Kariobangi, Shosho alinyamaza. Karibu na mto akasimama.

Usiku wa 29 Aprili 2016, mvua ikinyesha sana, jengo la ghorofa 6 liliporomoka hapo mtaani Huruma na kuua watu karibu 50. Lilikuwa limeshawekewa alama ya kubomolewa, na bado wapangaji walikuwa wanalipa kodi. Sitamsingizia Mungu hilo. Ni kazi ya mikono ya watu.

Saa karibu 80 baadaye, waokoaji walimtoa mtoto mdogo wa kike akiwa hai. Mama yake hakupona.

"Shosho, siku hiyo ulishukuru?"

"Nilishukuru huku nikilia. Mtoto ametoka, mama yake yuko chini ya mawe. Ningeacha lipi?" Akanishika mkono. "Na mwanangu, mumeo, nilikaa naye miaka 41. Nashukuru kila asubuhi. Kulia sijaacha."

Mwaka mzima nilidhani kushukuru ni kumwambia Mungu kwamba yaliyotokea ni sawa. Si sawa. Shosho naye hakusema ni sawa. Alikataa tu kifo kimnyang'anye hata ile miaka aliyokwisha kupewa, na kwa Yesu aliyefufuka anatarajia kumwona mwanawe tena. Anaongea habari hiyo kama mtu anayesubiri mgeni wa Krismasi.

Ushirika ulikuwa katika chumba kimoja cha ghorofa ya 3, watu 9, chai ya maziwa kwenye thamosi. Mama mmoja alishukuru kwa sababu maji yalirudi mferejini. Mwingine mwanawe yuko rumande; aliomba, akakaa.

Nikasimama.

"Bwana asifiwe."

"Amina."

Nikamtaja mume wangu kwa jina, mara ya kwanza mbele za watu tangu mazishi, nikashukuru kwa miaka 12 ya ndoa yetu. Sikumaliza. Shosho alinimalizia.